Kona ya Chini, Kulia

Tarehe 4 Februari

Chiriku wangu,

Nakusalimu wewe, na namsalimu mdogo wangu huyo uliyeniibia. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu baba yako ahamie kwako. Chumba chake bado kinanukia vumbi la mbao na gundi, na sijakifagia kwa makusudi. Paa limeanza kuvuja tena juu ya kabati. Yeye ndiye aliyekuwa anajua pa kugonga. Mwambie.

Najua utacheka kwamba bado naandika barua. Cheka. Ujumbe wa simu ni wa kusema nimefika, nimekula, nalala. Barua watu wanaisoma pamoja mezani, na baba yako, ambaye simu ikiita kwake ni kipande cha bati tu, ataisoma mwenyewe bila wewe kumpunguzia maneno.

Sasa ya kazini. Shirika letu limezima mnara wa mwisho wa zamani. Kuanzia sasa chaneli ya taifa inaingia majumbani kwa ving'amuzi peke yake, na king'amuzi chenye watu wengi kuliko vyote ni cha kampuni yenu. Mkuu wa vipindi alitutangazia hayo chini ya feni isiyozunguka, akatuomba tushangilie maendeleo. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilipiga moja.

Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye kile kisanduku, kona ya chini, kulia, nikiwa mkubwa kama picha ya kitambulisho, nikiwafikishia habari kwa mikono watu wasiosikia. Nilianza kwa ajili ya mtu mmoja, unamjua, huyo huyo uliyeniibia. Homa ilipomziba masikio akiwa na miaka mitano, nyumba nzima ni mimi tu niliyekuwa na subira ya kujifunza naye. Sasa naambiwa nimekuwa mpangaji kwenye nyumba yenu. Wewe uliye ndani, hebu niambie: mwenye nyumba ni mtu wa namna gani?

Mimi,
Shangazi yako


Tarehe 27 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba ameisoma barua yako mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama. Karatasi uliyoikuta humu ndani ni mchoro wake wa paa. Panapovuja ameweka msalaba, na anasema fundi wako asipande na viatu.

Ameshazoea huku, tena amezoea kuliko mimi. Ghorofa nzima wanamfahamu. Ametengeneza milango ya jikoni ya nyumba sita, na Jumamosi watu wanapanga foleni na droo zao mkononi kama wanaopeleka watoto kliniki. Jioni ni mtu wa saa. Saa moja kasoro tano anazima jiko hata kama chakula kibichi, anavuta kiti, anakungoja. Kisha ananipa ripoti: dada leo kavaa ile bluu, dada leo kachoka, dada leo kamkasirikia mtu kabla ya kuingia hewani. Habari yenyewe nadhani anaipata baadaye.

Umeniuliza kuhusu mwenye nyumba. Si mtu mbaya. Anawapa watu wanachotaka. Mtu akichoka nasi anakata, kesho yake tunampigia simu kwa sauti ya asali tumuulize tumemkosea nini. Nyie mtu akichoka atafanya nini? Kodi anakatwa hata akiwa usingizini. Na tuseme ukweli tukiwa wawili, shangazi. Juzi taarifa yenu ilikuwa ya dakika hamsini, na thelathini na tano zilikuwa za wakubwa wakikata utepe. Nilishika saa. Mikono yako imesema "amesisitiza umuhimu" mara kumi na nne. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema unafanana na mtu anayekanda unga.

Sisi tuna chaneli mia moja na ishirini. Picha safi, hakuna feni iliyokufa. Njoo kwetu. Nitazungumza na watu, utakuwa na studio yenye kiyoyozi na kiti cha kupumzikia.

Mimi niko kwenye takwimu kama zamani. Nimepandishwa cheo kidogo, si habari ya kumaliza wino.

Baba anakusalimu kwa mikono yote miwili.

Chiriku


Tarehe 21 Machi

Chiriku,

Usishtuke, mwandiko huu si wangu. Ni wa mpambaji wetu wa studio, yule tunayemwita Mama Poda, nami nimekaa mbele yake namsomea. Nilijibana mkono kwenye mlango wa studio. Si kitu.

Paa limepona. Fundi alipanda na viatu, nikamshusha, akavivua.

Kwenye utepe umenishika pabaya. Sina la kujitetea. Siku nyingine nikiwa hewani natamani ningekuwa na mkasi wangu mwenyewe. Lakini nikusimulie ya Jumanne iliyopita.

Mlinzi wa getini alipiga simu juu: "Mama, kuna mwanamke hapa ananipigia mikono, sijui ananitukana." Nikashuka. Ni fundi cherehani, hasikii tangu kuzaliwa, kakaa kwenye basi kwa saa tatu kuja kuniona. Akaniambia: Wiki jana mwanangu alikuwa anakohoa. Nilinunua dawa ya maji, nikampa kijiko kimoja. Jioni nikakuona unasema dawa ya chupa ile, yenye namba ile, ina sumu, irudishwe dukani. Kijiko cha pili kilikuwa mkononi.

Mtoto mzima. Alikuja naye mgongoni ili nimwone. Nilipommwagia mtoto huyo mabusu, mama yake akaushika mkono wangu, ule ule mbaya, akaubana kwa furaha. Niliona nyota mchana kweupe.

Sasa fikiria. Habari ile ilikuwa ya dakika mbili, tena iliwekwa baada ya utepe wa tatu. Nani angeilipia? Hakuna mtu anayekwenda dukani kununua habari ya dawa mbovu, kwa sababu hajui kama itamhusu. Nyie mnauza kitu ambacho mtu ameshajua anakitaka, na mnakiuza vizuri, sikatai. Sisi tunabeba kile ambacho hajui kama atakihitaji. Ndiyo maana hatupendezi.

Na chaneli zenu mia moja na ishirini nimezikagua kwa jirani, moja baada ya nyingine, mpaka akaanza kuniangalia vibaya. Ukiitoa yetu, hakuna hata moja yenye mtu kwenye kona. Kiti cha kupumzikia kaa nacho.

Mbusu mdogo wangu kwenye utosi.

Shangazi yako

(Mimi mwandishi naongeza kwa siri: hakuna mlango uliombana. Kinachomsumbua anakijua mwenyewe. Msimwambie nimeandika. Mama Poda.)


Tarehe 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako imekaa mezani zaidi ya mwezi. Kazini kumekuwa kama sokoni siku ya mvua.

Tuko wazima. Baba amenitengenezea rafu ya vitabu ukuta mzima, na sasa analalamika kwamba sina vitabu. Habari ya yule mama wa cherehani ameisoma, akaiweka mfukoni mwa shati. Nadhani anawaonyesha watu wa foleni ya droo.

Hebu niambie, shangazi, ni mlango gani huo uliokubana? Nauliza kwa sababu baba naye ameona kitu. Tangu mwaka uanze anasema, "Dada siku hizi ananong'ona." Nikamuuliza mikono inanong'onaje. Akanionyesha: maneno yako yamekuwa madogo, yako karibu na kifua, na mengine huyamalizi. Mimi nilikuwa naona umependeza tu. Nenda hospitali. Usinijibu kwamba si kitu.

Jambo dogo la mwisho. Kuanzia kesho chaneli yenu huenda isionekane kwetu kwa muda. Ni mambo ya mitambo, wanashughulikia. Usimwandikie baba kuhusu hilo. Nitamweleza mwenyewe.

Chiriku


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Salamu kwenu wote. Mkono unaendelea.

Barua ya kampuni yenu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na chumba cha Mama Poda. Inasema chaneli ya taifa imeondolewa "kufuatia tathmini ya watazamaji", na nafasi yake imepewa chaneli ya mieleka. Chini yake kuna cheo: mkuu wa kitengo cha tathmini. Halafu sahihi.

Sahihi ile niliifundisha mimi, mezani kwangu, mwaka ule mama yako alipofariki ukaja kukaa kwangu. Ulikuwa darasa la nne. Ule mkia wa mwisho nilikuambia uukate, ukakataa.

Sikulaumu na wala sikuulizi sababu. Nina swali moja. Baba yako siku hizi saa moja anaangalia nini?

Shangazi


Tarehe 19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Baba ni mzima, anakula vizuri, ana kipara. Nitafika kwenye kipara.

Sahihi ni yangu. Ripoti nayo ni yangu, kuanzia neno la kwanza. Nilipokuandikia kwamba nimepandishwa cheo kidogo, nilikuwa nimeshapewa kazi ya kuchunguza chaneli zipi zinatubeba na zipi tunazibeba. Tuna nyumba mia nne zilizofungwa kifaa cha kuandika kila kinachotazamwa. Chaneli yenu ilipata watu wawili katika kila mia. Nikaandika wawili, nikashauri iondolewe. Nilijua ni nani atakayetoka nayo. Nilijiambia kwamba nikimwonea haya shangazi yangu, basi sifai kuwa mtu wa takwimu.

Baba nilimdanganya. Nilimwambia mitambo imeharibika. Siku tatu alikaa mbele ya mieleka akingoja itengenezwe. Siku ya nne akatoka jioni, akarudi saa mbili amenyolewa. Keshokutwa yake akanyolewa tena. Kufika wiki ya pili kichwa kilikuwa kinang'aa kama sahani, naye bado anaenda kwa kinyozi. Nikamfuata.

Ni ng'ambo ya barabara tu. Kinyozi ana king'amuzi cha kampuni nyingine. Baba alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, televisheni iko nyuma yake, na yeye anakutazama kwenye kioo, umegeuka, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto. Kinyozi anapitisha mashine hewani, haigusi unywele kwa sababu haupo. Mteja mmoja akalalamika kwamba anataka mpira. Kinyozi akamwambia, "Ngoja mzee amalize habari zake. Kiti hiki ikifika saa moja ni mali ya serikali."

Baba akaniona kwenye kioo. Hakugeuka. Akatoa mikono chini ya shuka, akauliza, "Huku mitambo haikuharibika?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwetu nani ameitoa?"

Shangazi, unajua tunavyosema "mimi". Kidole kimoja, kifuani. Hakuna neno fupi kuliko hilo, na sijawahi kuona neno zito namna ile.

Siku tisa hakusema nami. Unamjua akinuna, anatia mikono mfukoni. Siku ya kumi akaitoa mezani, wakati nachemsha maji.

"Zile nyumba mia nne. Mimi nimo?"

Nikasema hapana.

"Kuna asiyesikia hata mmoja?"

Nikasema sijui, fomu haina swali hilo.

"Fomu aliitunga nani?"

Nikanyoosha kidole kile kile, pale pale.

Hakufoka. Alikunywa chai, akafuta meza, akasema, "Nipeleke kwa mkubwa wako." Ilinichukua wiki mbili kupata nafasi. Siku yenyewe akavaa koti lake la harusi yangu ambayo haijafanyika, lile alilolishonesha mapema. Chumba cha mikutano kiko juu kabisa, meza ya kioo, na baba kabla ya kusalimia alichungulia chini kuona miguu ya meza hiyo imeungwaje. Alikuwapo mkurugenzi, mwanasheria, na mwenzangu mmoja wa kitengo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkalimani hasemi "mzee anasema hivi". Anasema "mimi". Kwa hiyo nilisimama mbele ya wakubwa wangu, nikasema:

"Mimi ni fundi seremala. Mna chaneli mia moja na ishirini, na zote kwangu ni watu wanaofungua na kufunga midomo. Moja tu ilikuwa na mtu anayesema nami. Mmeitoa. Mnasema tuliokuwa tunaiangalia ni wawili katika mia. Sawa, mmoja wao ni mimi. Binti yangu alinihesabu, akaona sitoshi."

Pale sauti ilinikatika. Baba akaningoja. Akairudia sentensi ile ya mwisho taratibu, kama ulivyokuwa unanisomea imla, mpaka nikaisema yote.

Mkurugenzi akasema kwa adabu, "Mzee wangu, tunakuelewa. Lakini sisi tuko kwenye biashara."

Baba akajibu, nami nikasema: "Hata mimi nilikuwa kwenye biashara. Nilitengeneza vitanda, na nilitengeneza majeneza. Kitanda nilimuuzia niliyemtaka, kwa bei niliyotaka. Mtu akija kwa jeneza, hata kama ni jirani tuliyegombana, sikuwahi kumfungia mlango."

Mkurugenzi akaigeuza kalamu yake mara kadhaa. Akamwambia mwanasheria aliangalie suala hili. Basi, kikao kikaisha. Hakuna aliyelia ila mimi, chooni, na nilifungulia bomba.

Kwenye lifti baba akanishika bega. Hajasema amenisamehe. Amesema lafudhi yangu ya mikono imeharibika, nimekaa sana na watu wanaosikia.

Mkono wako vipi? Mara hii nijibu.

Binti yako


Tarehe 6 Agosti

Chiriku wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Mwambie baba yako sikuwahi kujua kwamba ananitazama kwenye kioo cha kinyozi, lakini kuna jioni nilihisi natazamwa na kichwa kinachong'aa.

Kukusamehe nilishakusamehe zamani, kabla hujaomba. Ile karatasi ya ubaoni niliibandua siku ile ile. Sikutaka watu wangu waisome sahihi yako na kukuchukia bila kukujua. Ninayo, imekunjwa ndani ya kitabu cha mapishi.

Sasa na mimi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena, na vya kushoto vimeanza kuvifuata. Daktari amekipa kitu hicho jina refu la viungo. Mimi nimekielewa kwa kifupi: ni kigugumizi. Kuna maneno siwezi kuyatamka. Tangu Januari nimekuwa nikizunguka, nikitafuta maneno mengine yasiyohitaji vidole hivyo, nikiyasema karibu na mwili ili kamera isione. Kamera haikuona. Mkuu wa vipindi hakuona. Aliyeona ni mtu mmoja, anayenijua tangu mikono yangu ikiwa midogo. Barua hii yenyewe nimeiandika kwa siku mbili, ndiyo maana mistari inateremka.

Na niseme jingine, maana nimekusomea sana somo la utumishi wa umma. Miaka kumi na moja nimeomba nipewe mtu nimfundishe. Nimeomba kwa maandishi, mara tatu. Kila mara jibu ni "bajeti ijayo". Wiki iliyopita nikaenda kumwambia mkuu wa vipindi kwamba mwisho wa Septemba natoka. Unajua alichosema? Alisema, "Pole sana mama. Basi kisanduku tutakiondoa kwa sasa. Hata picha itakuwa pana zaidi."

Picha itakuwa pana zaidi! Nilitoka nikasahau mkoba.

Kwa hiyo tuko sawa, mwanangu. Nyie mlituondoa kwa hesabu, hawa wanatuondoa kwa uvivu. Hesabu angalau mtu anaweza kuja na koti akaipinga. Uvivu unaupingia wapi? Kila ofisi nimeenda, nimekaribishwa chai.

Sikuombi kitu, Chiriku. Najua unavyosoma barua zangu. Usisome hapa neno ambalo sijaliandika.

Shangazi yako


Tarehe 25 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma uliyoandika, na ambayo hukuandika nimeyasoma vizuri zaidi.

Kwanza habari njema. Chaneli yenu imerudi tangu Jumatatu, kwa kila mteja, hata ambaye kifurushi chake kimekatika. Sitaki kukudanganya kwamba mkurugenzi amebadilika moyo. Mwanasheria alisoma masharti ya leseni yetu, akakuta chaneli ya taifa ni lazima tuionyeshe, kumbe tulikuwa tunacheza na moto. Wameirudisha, ila wameitupa namba mia tatu na tisa, baada ya zile chaneli zinazouza masufuria. Baba ameandika namba hiyo kwenye mgongo wa rimoti kwa kalamu ya useremala. Kinyozi amekuja kuulizia kama mzee anaumwa.

Ripoti nimeiandika upya, na fomu ina swali jipya. Iliyobaki nimewaachia wenzangu. Nimeomba kuacha kazi.

Usifoke kwanza. Niliwapigia simu watu wako. Mkuu wa vipindi aliniuliza kwa nini mtu aache kampuni kubwa aje kusimama kwenye kona. Nikamwambia kona hiyo naijua, nimekulia ndani yake. Amekubali nifanyiwe majaribio tarehe tatu. Nimempa sharti moja, kwa maandishi, kwamba kila mwaka nipewe mtu mmoja wa kumfundisha. Alianza kusema "bajeti ija..." nikamwambia basi asinisubiri. Ametia sahihi. Nimekaa na wafanyabiashara miaka saba, shangazi, kuna kitu nimejifunza.

Yaliyobaki ameyapanga baba. Yeye hahami tena, amesema wazi, milango ya ghorofa hii bado haijaisha. Hospitali ya viungo iliyo bora iko huku, vituo vitatu kutoka mlangoni kwetu. Kwa hiyo wewe unakuja kukaa naye, mimi nakwenda kukaa kwako. Septemba yote unanikanda kama unga, mwisho wa mwezi unaondoka. Chumba chake usikifagie. Nitalala humo humo.

Naogopa. Hilo nalo nimeliandika, usije ukasema nimelificha.

Chiriku


Tarehe 17 Oktoba

Chiriku wangu,

Tunakusalimu wawili. Mdogo wangu yuko sebuleni anagombana na bawaba. Mimi niko mezani kwako, mkono umetoka kuchovywa kwenye nta ya moto hospitalini, ndiyo saa pekee ninayoweza kushika kalamu. Wananipa mpira laini niuminye kila asubuhi. Vidole havijanyooka, ila vimepunguza makelele.

Tunagombania jiko. Yeye anasema naweka chumvi kidogo, mimi nasema hana ulimi. Nimepelekwa kutambulishwa kwa kinyozi, akanitazama, akaangalia kona ya televisheni yake, akanitazama tena. "Kumbe wewe una miguu!" Nimecheka mpaka leo.

Sasa kuhusu Jumatano, siku yako ya kwanza. Nina malalamiko.

Blauzi ya maua nilikukataza. Mikono ilikuwa inapotea kama watu wanaopita kichakani. Ulianza mbio, ukamwacha msomaji nyuma, ukasimama kumngoja kama mtu wa basi. Kwenye bei za mbolea ulisema "kumi" badala ya "mia", ukajisahihisha, vizuri, ila usiume mdomo, watu wanasoma uso. Na utepe ulipofika nilikuona. Macho yalitaka kucheka. Hata yangu yalitaka, miaka ishirini na miwili.

Halafu ikaja ile habari ya maji, kwamba mabomba ya upande wa chini yameingiwa na uchafu na watu wachemshe kwa siku nne. Hapo ulitulia. Ulitaja mitaa mmoja mmoja, ukairudia, hukuruka hata mmoja. Nilimkumbuka yule mama wa cherehani, nikajua popote alipo amekuelewa.

Baba yako alivaa koti. Alivuta kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa kioo cha televisheni. Mimi nyuma yake sikuweza kukaa kimya: shusha kiwiko, nyoosha kidole gumba, pumua, mwache huyo waziri amalize. Mikono yangu mibovu ilikuwa inapiga kelele chumba kizima, na yeye anaiona kwa pembeni, anakunja uso.

Mwisho akageuka. Akaichukua mikono yangu yote miwili, taratibu, kwa sababu anajua panapouma, akaifumbata ndani ya mikono yake na kuiweka kwenye goti lake. Wewe unajua maana yake kwa watu kama sisi. Alikuwa ameniziba mdomo. Alitaka kukusikiliza.

Nikanyamaza, tukakusikiliza mpaka mwisho.

Shangazi yako